Paka mzee anakula, anakonda, analia usiku: tuanzie wapi?

Chausiku alikuwa na miaka 13 alipoanza kula kama anayefuturu kila saa. Kichwa cha changu alichozoea kukila kwa madaha, akiacha mifupa imejipanga ukingoni mwa sahani, sasa alikuwa anakibugia na kurudi jikoni kulia. Na bado uti wa mgongo ukawa unahesabika kwa kidole. Shangazi yangu, aliyefuga paka tangu kabla sijazaliwa, alimtazama mara moja tu akasema, "Kazeeka huyo, mwanangu. Mwache ale." Jirani akasema minyoo. Mwenye duka la dawa za mifugo naye akasema minyoo, akaniuzia kidonge.

Miezi minne ilipita kabla sijajua anaumwa nini. Jibu lenyewe halikuwa moja. Yalikuwa matatu, na la kwanza lilikuwa limelificha la pili.

Hapa Tanga madaktari wa mifugo wanajua ng'ombe wa maziwa nje ndani. Paka mzee ni mgeni kwao, maana paka wetu wengi hawafiki umri huo. Wanamalizwa na gari, mbwa au sumu ya panya. Paka wa miaka 15 hulinganishwa na mtu wa miaka 76 hivi, na kama ilivyo kwa mtu wa umri huo, si ajabu akabeba maradhi mawili au matatu kwa pamoja. Kwa hiyo ukipata jibu linaloeleza nusu ya unachokiona, endelea kutafuta nusu ya pili. Na sehemu kubwa ya kutafuta itakuwa juu yako wewe mwenye paka, kwa sababu daktari anamwona dakika 10, tena akiwa amejikunja ndani ya kapu kwa hofu.

Kabla ya kutaja ugonjwa, pima

Anza na uzito. Kupanda mizani ya bafuni na paka mkononi, kisha kushuka na kutoa, kunakosea kwa gramu mia mbili au tatu, na kwa paka hizo ndizo hasa unazozitafuta. Mimi nilikuwa nambeba Chausiku kwenye kapu la ukili hadi dukani kwa Mangi, mchana wateja wakiwa wachache. Tunapima kapu tupu, kisha kapu na mwenyewe. Wiki ya kwanza Mangi alicheka; ya tatu alikuwa anauliza yeye kabla sijafungua mdomo. Gramu 400 kwa paka wa kilo 4 ni sehemu moja ya kumi ya mwili wake, sawa na mtu wa kilo 60 kupungua kilo 6. Kwa macho huzioni, hasa paka akiwa na manyoya mengi. Chausiku alikuwa kilo 4.1 mara ya mwisho alipochanjwa. Kwa Mangi alikuwa 3.2.

Maji nayo hupimwa kwa jagi lenye mistari. Asubuhi jaza bakuli kwa kipimo, kesho yake pima kilichobaki. Joto letu hukausha maji mengi, kwa hiyo weka bakuli la pili la aina hiyo hiyo juu ya kabati asikofika mnyama, ujue ni kiasi gani kilichukuliwa na hewa. Paka akinywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani 400 kwa paka wa kilo 4, kuna ugonjwa, hakuna mjadala. Hata nusu ya hapo ni nyingi kwa paka anayekula samaki wa mchuzi, kwa sababu huyo maji yake mengi yamo ndani ya chakula. Tahadhari moja: ukimhamisha kutoka samaki kwenda chakula kikavu cha dukani, atakunywa sana ghafla, na hana tatizo lolote.

Hesabu pumzi akiwa amelala fofofo. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Zisizidi 30 kwa dakika. Zikizidi siku baada ya siku, moyo au mapafu yaangaliwe kwanza kabla ya haya mengine yote. Inua mdomo wa juu utazame fizi: waridi ni salama, nyeupe ni upungufu wa damu, manjano ni ini au damu inayovunjika, kahawia ni sumu. Homa usiipime kwa kiganja. Paka huwa na joto kati ya nyuzi 38 na 39.2, kwa hiyo kwako atakuwa wa moto kila siku.

Anayejisaidia nje mlaze kwenye chumba kimoja na beseni la mchanga kwa usiku mbili tatu. Bila kuona mkojo na kinyesi chake utakuwa unapiga ramli.

Anakula sana na bado anakonda

Uzee humpunguzia paka misuli taratibu, kwa miaka. Haumchukulii kilo nzima kwa miezi minne huku anakula mara mbili ya zamani. Na minyoo mara chache huwa ndiyo sababu kwa paka mzima. Minyoo humdhoofisha zaidi mtoto. Mpe dawa ya minyoo kwa kuwa ni rahisi, ila usikae mwezi mzima ukingoja matokeo kama nilivyokaa mimi.

Washukiwa wa kweli ni watatu: tezi ya shingo, kisukari na utumbo.

Tezi ni ile ambayo kwa binadamu ikivimba tunaita rovu. Kwa paka mzee hukua na kumwaga homoni kupita kiasi, na mwili mzima unakwenda mbio: hatulii, anakula, anatapika kwa kula haraka, manyoya yanashikana kama yamepakwa mafuta, anatafuta sakafu yenye ubaridi, anakuwa mkali hata akiguswa na yule anayempenda. Ugonjwa huu uliripotiwa kwa paka kwa mara ya kwanza mwaka 1979, huko Marekani, na leo ni miongoni mwa maradhi yanayowapata sana paka wazee duniani. Uvimbe wenyewe mara nyingi si saratani.

Unaweza kuutafuta mwenyewe. Mwinue kidevu, pitisha kidole gumba na cha shahada kando ya koo, taratibu, kuteremkia kifuani. Kwa paka asiye mgonjwa hushiki kitu. Ukikuta punje kama ya kunde inateleza chini ya kidole, mwambie daktari. Usipoikuta usijipe moyo, kwa sababu tezi iliyokua huweza kushuka hadi ndani ya kifua. Kisha weka vidole nyuma ya kiwiko cha mkono wa kushoto, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Paka aliyetulia nyumbani kwake huwa kati ya 140 na 220. Chausiku alikuwa 250 na ushei, nami siku hiyo nikadhani nimekosea kuhesabu.

Kisukari hukondesha kwa namna hiyo hiyo, ila maji na mkojo huwa vingi mno, na mara nyingi paka alikuwa mnene kabla. Wazee wetu waliutambua kisukari cha watu kwa sisimizi waliozunguka mkojo, na kwa paka ni vivyo hivyo: sisimizi wakikusanyika penye mchanga wake, peleka mkojo ukapimwe leo. Wasipokuja haimaanishi kitu. Damu peke yake hudanganya, kwa sababu paka akiogopa, sukari yake hupanda palepale mezani kwa daktari. Sukari iliyomwagika kwenye mkojo ni ushahidi mzito zaidi, na mahali penye maabara nzuri kuna kipimo cha fruktosamini kinachoonyesha wastani wa wiki mbili hivi zilizopita. Kile kifaa cha sukari cha bibi nyumbani kwa kawaida husoma chini kwa paka kuliko hali halisi. Kikisema juu kiamini, kikisema sawa usikiamini.

Wa tatu ni utumbo: ama umewashwa na kuvimba kwa muda mrefu, ama una saratani ya polepole. Kwa nje hufanana kabisa. Altrasaundi huonyesha kuta zilizonenepa, lakini kuzitofautisha kunahitaji kipande kikatwe na kutazamwa. Si kila mtu ataweza kufika huko, na daktari wako anaweza kukushauri mjaribu matibabu bila kukata.

Anamaliza maji

Mshukiwa wa kwanza kwa paka mzee ni figo, na hapa ndipo watu wengi hupoteana. Figo zina akiba kubwa. Hupoteza kiasi cha theluthi mbili ya uwezo wake kabla mkojo haujawa mwepesi, na robo tatu hivi kabla kreatinini, taka ambayo figo huichuja, haijapanda kwenye damu. Kwa hiyo karatasi ya maabara inayosema kreatinini ni ya kawaida haikuambii figo ni nzima. Tena kreatinini hutengenezwa na misuli. Paka aliyebaki ngozi na mifupa hana misuli ya kuitengeneza, na namba yake itaonekana nzuri kuliko anavyostahili.

Mkojo husema mapema. Daktari mwenye refraktomita, kifaa cha mkononi cha kuchungulia kama darubini ndogo, akiweka tone moja atajua kama figo bado zinakaza mkojo. Uzito wa mkojo wa paka asiye mgonjwa, ukilinganishwa na maji ambayo ni 1.000, hufika 1.035 na kupita. Ukikaa 1.010 siku zote, figo zinapitisha tu. Vile vijiti vya rangi vinafaa kuonyesha sukari na damu, lakini kisanduku chake cha uzito wa mkojo na kile cha chembe nyeupe visikupotoshe. Kwa paka havitegemewi.

Kuupata mkojo ni rahisi kuliko inavyosikika. Ondoa mchanga, osha beseni bila kuacha sabuni, weka kokoto ndogo zilizooshwa na kukauka, au shanga za plastiki. Atafukua kama kawaida, mkojo utabaki chini. Vuta kwa sirinji isiyo na sindano, ufike kwa daktari ndani ya saa chache, ukiwa kwenye ubaridi.

Pumzi inayonuka kama mkojo uliolala ni dalili ya figo zilizokwenda mbali. Inayonuka kama tunda lililoiva kupita kiasi kwa paka mwenye kisukari ambaye ameacha kula ni dharura ya siku hiyo.

Anaijia sahani, ananusa, anaondoka

Simama kando umwangalie, usimbembeleze kwanza. Paka mwenye kichefuchefu hulamba midomo, humeza mate, hugeuza uso, wengine hufukuafukua sakafu kana kwamba wanakizika chakula. Huyo fikiria figo, ini, utumbo, dawa uliyompa. Paka mwenye maumivu ya kinywa hana tatizo na hamu. Anakuja mbio, anauma, analia, anatupa kichwa pembeni, chakula kinadondoka, anahamia upande mmoja wa taya. Meno ya paka wazee huliwa na mwili wenyewe kuanzia chini, kwenye ufizi, na kwa juu unaweza kuona doa jekundu tu kama nyama imepanda juu ya jino. Tazama na chini ya ulimi. Uzi wa kushonea ulionaswa pale usiuvute kamwe. Sehemu ya pili inaweza kuwa imeshafika utumboni.

Pua iliyoziba inatosha kumnyima paka chakula, kwani asichokinusa hakili. Dagaa wa kuchemsha, wa vuguvugu, mara nyingi hulijibu swali hilo.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo la samaki. Paka anayelishwa samaki wabichi tu kwa miezi anaweza kuishiwa vitamini B1, kwa sababu baadhi ya samaki wana kimeng'enya kinachoiharibu, kukipika hukiua. Huanza kukataa chakula, kisha anayumba, mboni zinapanuka, kichwa kinainama hadi kidevu kigusane na kifua. Anayelishwa jodari na samaki wengine wa mafuta peke yake anaweza kupata uvimbe wa mafuta ya chini ya ngozi kwa kukosa vitamini E, akawa analia ukimshika tu mgongoni. Watu humwita mkorofi.

Kwa sababu yoyote ile, siku mbili bila kula kabisa ni mwisho wa kungoja, hasa akiwa mnene. Mafuta hukimbilia kwenye ini, ini likajaa, na hapo una ugonjwa mpya juu ya ule wa zamani. Utauona kwenye ngozi ya ndani ya masikio na weupe wa macho: manjano.

Anatapika, anakamia chooni

Kutapika donge la manyoya mara moja moja ni maisha. Paka aliyekuwa akitapika mara moja kwa miezi miwili akafika mara moja kwa wiki ana kitu, hata kama ndani ya matapishi kuna manyoya. Rudi kwenye tezi, figo na utumbo.

Choo kigumu humpata sana mzee kwa kukosa maji mwilini, na figo mbovu ndizo humkausha. Lakini ikiwa ni dume, anaingia kwenye mchanga, anachuchumaa, anakamia, analia, anatoka bila kitu, kisha anarudi, usiseme kafunga choo. Mshike tumbo chini, kwa upole: mpira mgumu kama chungwa ni kibofu kilichoziba. Hapo hesabu ni ya saa. Amka umgongee daktari usiku huo huo, kwa kuwa kesho jioni inaweza kuwa umechelewa.

Harukii tena, au mwendo umebadilika

Watafiti waliowapiga eksirei paka 100 waliozidi miaka 12, matokeo yakachapishwa mwaka 2002, walikuta 90 kati yao viungo vimechakaa. Wachache mno walikuwa wakichechemea. Paka haonyeshi maumivu kwa kuchechemea; anayaonyesha kwa kuacha. Anaacha dirisha, anapanda kiti kwanza ndipo kitanda, manyoya ya kiunoni yanasokotana kwa kuwa hawezi kujigeuza kujilamba, kucha zinakua hadi kuchoma nyayo. Akikojoa pembeni ya beseni si jeuri, ukuta wa beseni umemshinda goti. Kata upande mmoja uwe chini, uone.

Usimpe Panadol. Naandika hili kwa herufi za kawaida lakini lisome mara mbili. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli. Nusu kidonge huweza kumuua, fizi zinageuka kahawia, uso unavimba. Diklofenaki na ibuprofeni nazo zibaki kwa watu. Na dawa ya viroboto ya mbwa yenye pemethrini isimguse, hata tone.

Si kila mwendo mbaya ni viungo. Akikanyaga kwa kisigino chote cha nyuma, kama sungura, uliza kisukari. Akiinamisha shingo asiweze kuiinua, uliza potasiamu, ambayo figo mbovu huipoteza kwenye mkojo, au ile B1 ya samaki. Akipooza miguu ya nyuma ghafla, akipiga kelele, nyayo za baridi na kucha zimepauka, ni damu iliyoganda ikaziba mshipa, chanzo mara nyingi ni moyo. Mfunike kwa khanga umkimbize.

Analia usiku, anagonga kuta

Hii ndiyo iliyonitoa usingizi. Saa 9 usiku Chausiku alikuwa anasimama katikati ya ukumbi na kutoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndefu, ya chini, kama anaita mtu. Shangazi alishauri kisomo.

Sababu huwa hizi: tezi, shinikizo la damu, maumivu, uziwi wa uzee, na akili kuchoka. Hiyo ya mwisho itaje mwisho. Ni jina la kubaki nalo baada ya kuzifuta nyingine zote.

Shinikizo la damu ndilo la haraka, maana huweza kupofusha macho. Usiku mtazame taa ikiwaka: mboni zikibaki pana kama za paka wa gizani, kuna jambo. Kupima kama anaona usimpungie mkono, kwa kuwa upepo wake hugusa sharubu naye akapepesa. Dondosha kipande cha pamba mbele yake. Hakina sauti wala upepo. Anayeona hukifuata kwa macho.

Na la kuogopwa: paka ambaye hajachanjwa, anatembea nje, akabadilika ndani ya siku chache, akadenda, akauma bila kuchokozwa, huenda ana kichaa cha mbwa. Usimfungue mdomo kutafuta jino bovu. Mfungie chumbani, mwite daktari wa mifugo. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nenda hospitali siku hiyo.

Fedha ikiwa ndogo

Kwa mfuko wangu mpangilio ungekuwa huu, kama ningerudi nyuma. Mizani na jagi, bure. Mkojo, uzito wake na sukari, ni kipimo cha bei nafuu chenye majibu mengi. Kisha damu moja inayobeba figo, ini, sukari, potasiamu, na omba kabisa kipimo cha homoni ya tezi, T4, kwa sababu kisipotajwa mara nyingi hakifanyiki. Shinikizo la damu hupimwa kwa mkanda mdogo wa wanyama; mashine ya mkononi ya baba haifai. Sehemu ya kuuliza ni hospitali za mafunzo, kama ile ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, au ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoko Kabete kwa walio Nairobi.

Nenda na daftari: uzito na tarehe zake, maji, chakula, matapishi. Nenda na video ya mwendo na ya kilio, kwani akifika pale atatembea kama kijana.

Mimi nilifanya kinyume. Nilianza na damu ya figo na ini peke yake. Kreatinini ikawa 128, ya kawaida. Kimeng'enya kimoja cha ini kilikuwa juu, basi tukatibu ini wiki tatu. Ini lilikuwa halina kosa. Homoni ya tezi ikizidi hulikera ini, na namba ile ilikuwa inaonyesha kidole upande wa shingo. Damu ya pili ilikwenda Dar es Salaam, T4 ikarudi juu kupita kipimo cha juu karibu mara mbili. Jihadhari hapa pia: paka mgonjwa wa kitu kingine huweza kushusha T4 yake ikaonekana ya kawaida. Dalili zikisema tezi na karatasi ikikataa, rudia baada ya wiki chache.

Tezi imetulia, figo zimeharibika?

Dawa ni ya watu, kabimazoli, duka la dawa lolote kubwa linayo. Haipondwi, na mwanamke mjamzito asiishike bila glavu. Chausiku aliimeza ndani ya dagaa asubuhi na jioni. Wiki ya tatu sauti ya usiku ilipungua. Wiki ya tano kreatinini ilikuwa 214, na mimi nikataka kuitupa ile chupa chooni.

Daktari akanizuia. Homoni ikizidi, moyo husukuma damu nyingi kwenye figo, nazo hufanya kazi kwa nguvu ya kuazima. Ukiituliza tezi, nguvu ya kuazima inarudishwa, na figo zinaonekana zilivyokuwa tangu mwanzo. Kuacha dawa kungeificha namba tena huku figo zikizidi kuchoka. Alichofanya ni kupunguza dozi kidogo, T4 isizame chini mno kwa kuwa hilo nalo huumiza figo, na kubadilisha chakula: fosforasi kidogo, maji mengi, vichwa vya samaki na mifupa basi.

Hesabu ilikuwa imekaa vizuri. Tezi ilieleza njaa na kukonda, figo zikaeleza maji. Kilichobaki bila maelezo ni kwamba jioni moja aligonga mguu wa meza, akarudi nyuma, akaugonga tena. Pamba ilidondoka mbele ya uso wake bila jicho kusogea. Shinikizo lilisomeka 190, wakati likishapita 160 huanza kutibiwa na kwenye 180 macho yako hatarini. Huweza kupanda hata baada ya tezi kutulia, kwa hiyo kipimo cha mwezi wa kwanza hakikulindi wa tatu. Tukapewa amlodipini ya watu ya miligramu 5, igawanywe vipande 8. Nilikuwa nakata kwa wembe juu ya karatasi nyeupe, nikipoteza kimoja katika kila vinne.

Jicho la kushoto lilirudi kuona kivuli na mwanga baada ya siku nane. La kulia halikurudi. Alijifunza nyumba upya kwa sharubu, nasi tukajifunza kutohamisha viti. Wiki ya kumi Mangi aliisoma mizani kabla yangu: 3.6, ukitoa kapu.